Mbwa Asiyetaka Mlango Ufungwe

Jumapili, 2 Juni

Kwa Mama wa Kituo,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na mbwa wote hawajambo.

Ulisema kila anayechukua mbwa hapo kituoni lazima aandike barua kwa mkono, kwa sababu wewe huwasomea mbwa waliobaki kila Jumamosi ili wazoee sauti ya mtu asiyefoka. Nilipomweleza Mjomba alicheka mpaka akaweka pasi chini. "Yaani tunawaandikia mbwa? Basi wape salamu zangu, uwaambie nguo zao ziko tayari." Mimi nilifurahi. Ungetaka nipige simu usingesikia kitu, ungesikia mtu anahema.

Naomba radhi kwa siku ile getini. Dereva wako alikuambia nilisimama nje muda mrefu, na ni kweli. Siwezi kugonga milango. Mkono unafika karibu kabisa, halafu unarudi wenyewe. Shuleni nikichelewa nilikuwa nasubiri nje ya darasa mpaka kipindi kiishe. Sasa shule nimemaliza na tabia imebaki. Kama Kiraka, mbwa mliyenipa, asingenibwekea kutoka ndani, ningerudi nyumbani mikono mitupu.

Tunaishi kwa Mjomba. Yeye ni dobi. Chumba cha mbele ndicho duka, na kwa kuwa umeme wa hapa hauaminiki anatumia pasi za mkaa, mbili, moja ikipoa anashika nyingine. Mimi nakunja nguo na kuandika majina ya wateja kwenye vipande vya kitambaa. Bibi, mama yake Mjomba, yuko chumba cha nyuma ya duka, na miguu yake haimtii vizuri siku hizi. Mama yangu yuko mbali kikazi.

Bibi alimpapasa Kiraka kichwa kizima kama anayechagua tikiti sokoni.

"Huyu ni mbwa wa aina gani?"

"Chotara, Bibi."

"Chotara wa nini na nini?"

"Wa vingi."

"Basi ni ndugu yetu. Ila ana macho ya mtu anayekudai."

Nina maswali mawili. Mbona kucha zake za mbele zimelika hivyo, kama kisigino cha kiatu cha zamani? Na mwenye kumlea mwanzo alikuwa nani? Mjomba anasema mbwa mkubwa ni kama mume wa mtumba, lazima ujue ametoka mikono ya nani. Amesema pia akileta balaa anarudi alikotoka. Sikumwambia ulichoniambia kuhusu kurudishwa mara ya tatu. Je, ni kweli?

Mimi,
Msichana wa Getini


Jumamosi, 8 Juni

Binti wa Getini,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imesomwa leo, na wasikilizaji walikuwa watulivu isipokuwa yule mweupe wa banda la mwisho, ambaye hupiga miayo hata kwa mambo mazito. Salamu za mjomba wako nimezifikisha.

Nikueleze utaratibu usije ukaona nachelewa. Dereva hupita mtaani kwenu kila Jumapili na Alhamisi kuchukua mifupa buchani: Jumapili atakuachia yangu, Alhamisi atachukua yako. Akinifikishia, naiweka juu ya kabati bila kuifungua mpaka Jumamosi. Nilishajaribu kuzisoma mapema, nikagundua mbwa wanajua. Mtu anayejua barua inaishaje husoma kwa sauti nyingine. Hivyo tunazipokea pamoja, mimi na wao.

Kucha zisikutie wasiwasi. Sakafu yetu ni ya zege, hukwangua kila kitu. Mwenyewe wa kwanza alikuwa fundi viatu, mtu mpole, aliyeishi peke yake. Alihama. Waliomchukua baada yake walikuwa familia mbili, na wote walimrudisha kwa neno moja: anasumbua jioni. Hakumng'ata mtu. Anasumbua jioni, basi.

Ndiyo, ni kweli. Akirudi mara ya tatu ni sindano ya kumuua. Sheria hiyo hawakuniuliza mimi, waliiweka wanaotupa chakula na dawa, kwa sababu mabanda ni machache na magari ya kuwaleta hayaishi. Sikupenda kukutisha, lakini ulikuwa umekwisha kushika kamba yake na uso wako ulikuwa wa mtu anayetaka kuambiwa ukweli.

Mlee taratibu. Mpe sehemu yake moja, umwite kwa sauti ya chini.

Mama Mbwa
(ndivyo wanavyoniita sokoni, nimekwisha kuacha kukasirika)


Jumatano, 12 Juni

Mama Mbwa,

Shikamoo. Nimetumia jina hilo kwa sababu umesema hukasiriki.

Mchana Kiraka ni mbwa ambaye kila mtu angemtaka. Analala chini ya meza ya kupigia pasi, wateja wanamruka. Mwalimu mmoja mstaafu huwa analeta shati moja tu kila siku ili apate kumkuna masikio. Bibi anamtupia ganda la mkate na kumwambia, "Chukua, mdai wangu, tusije tukapelekana mahakamani."

Lakini jioni anabadilika. Baridi imeanza, na Mjomba akifunga duka huingia chumbani kwa Bibi na karai la kumpashia miguu joto. Amefanya hivyo kila msimu wa baridi tangu nilipokuja hapa. Kiraka akiliona karai tu, mwili mzima unamsimama. Anakwaruza mlango, anabweka kuelekea yale matundu ya hewa juu ya dirisha, anakimbilia nje, anarudi, anashika pindo la nguo ya Bibi kwa meno na kuvuta. Nikimtoa nje na kufunga mlango, analia kama mtoto na kukwaruza ubao. Mjomba akilitoa karai, anatulia.

Jirani wa mlango wa pili amekuja kulalamika. Ni mama mwenye sauti nzito, anaishi peke yake, ukuta wake umegusana na wa Bibi. Alisimama mbele ya duka wateja wakiwepo.

"Mnafuga mbwa au mnafuga king'ora?"

Mjomba akamjibu, "Mama, king'ora ningekizima."

"Basi kizime. Mimi nimeziba dirisha langu kwa matambara, nakaa gizani kama mahindi ghalani, kwa ajili ya mnyama wenu!"

Alinitazama mimi alipokuwa akisema. Nilitaka kuomba radhi. Nikaendelea kukunja shuka lililokwisha kukunjwa.

Mjomba amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Nifanye nini? Tafadhali nijibu kama mtu anayemjua vizuri.

Msichana wa Getini


Jumamosi, 15 Juni

Binti,

Tulia. Hili nimeliona kwa wengi. Mbwa aliyehamishwa hamishwa huchagua kitu kimoja cha kukiogopa, na wengi wao wamewahi kumwagiwa maji ya moto na watu wasio na haya. Karai la maji ya moto kwake ni adui. Hana ugomvi na Bibi, ana ugomvi na karai.

Dawa yake ni kuzoea, na huwezi kuzoea kitu unachokikimbia. Fanya hivi. Jioni mwingize chumbani kwa Bibi kabla ya karai, umfunge kwenye mguu wa kitanda kwa kamba fupi. Funga mlango. Yale matundu anayoyabwekea yazibe, kwa sababu sauti na harufu za nje humchochea, na jirani naye atapata usingizi. Chumba kidogo, kimya, kilichofungwa vizuri, na mtu anayempenda. Kaa nao mwenyewe siku za mwanzo. Asipobweka, msifu. Akibweka, nyamaza.

Ataona karai halimdhuru mtu. Mbwa si mjinga, anataka ushahidi tu.

Umeniomba nijibu kama mtu anayemjua vizuri. Namjua vya kutosha.

Mama Mbwa


Jumatano, 19 Juni

Mama Mbwa,

Shikamoo! Sijui nianze wapi. Imefanya kazi!

Nilikata maboksi ya sabuni, nikapanda juu ya kiti, nikaziba matundu yote na kuyazungushia utepe wa gundi. Nikaweka na gunia lililokunjwa chini ya mlango, ili hata akilia sauti isipite. Mjomba alisimama kunitazama, akasema, "Ungesoma kwa bidii hiyo ungekuwa injinia." Kutoka kwake hiyo ni sifa kubwa.

Siku ya kwanza Kiraka alipigana na kamba mpaka nikalia. Siku iliyofuata alibweka kidogo tu. Sasa habweki kabisa. Karai likiingia anatetemeka, analaza kidevu chini, na baada ya muda analala usingizi mzito hata nikimwita hainui sikio. Sijawahi kumwona ametulia hivyo. Bibi naye analala vizuri kuliko zamani, mpaka asubuhi inakuwa kazi kumwamsha. Mjomba anasema chumba kimekuwa na joto kama mkate uliotoka tanuri.

Jirani amenisalimia leo. Amesema, "Heee, kumbe mnaweza." Dirisha lake bado amelifunga na matambara. Anasema amezoea, na baridi haiingii.

Kuna jambo dogo, lakini si la kuandika. Nadhani ni hali ya hewa.

Nashukuru sana. Wasomee vizuri hapo panaposema Kiraka ametulia, labda watapata moyo.

Msichana wa Getini


Jumamosi, 22 Juni

Mwanangu,

Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa ombi la wasikilizaji. Dereva alikuwa mlangoni akajifanya anafuta kioo cha gari, lakini kitambaa kilikuwa machoni pake.

Hujui umenitua mzigo gani. Huyu mbwa nilikuwa namhesabia siku. Kuna mambo mengine juu yake ambayo nitakueleza tukikaa pamoja, yamekwisha kupita na hayana faida kwenye karatasi.

Lile jambo dogo ni lipi? Katika kazi hii nimejifunza kwamba watu huandika makubwa wazi, madogo wanayaficha.

Endelea hivyo hivyo. Usibadilishe kitu.

Mama Mbwa


Alhamisi, 27 Juni

Mama Mbwa,

Shikamoo. Dereva atakapokupa barua hii atakupa na kamba, na mwisho wa kamba utaona ni nani. Tafadhali usimfanye lolote kabla hujaisoma yote. Naandika kila kitu sasa, hata yale niliyoficha, ili uone kwamba hana kosa la kufia.

Jambo dogo lilikuwa hili. Tangu wiki iliyopita Bibi anaamka kichwa kinamuuma. Mwanzo alisema ni mto mgumu. Kisha akawa anatapika asubuhi, miguu imelegea zaidi, na anaongea kama mtu aliyelewa. Juzi alimwambia Mjomba, "Mwambie baba yako chai imepoa." Babu alifariki kabla sijazaliwa. Mimi nilificha kwa sababu Mjomba alianza kusema ugonjwa umeingia nyumbani na mbwa. Nilijua nikikuandikia, na wewe ungesema vivyo hivyo, ungemrudisha. Hata mimi nikikaa nao jioni kichwa kinagonga, lakini kichwa changu kinauma nikiwa na hofu, kwa hiyo sikukijali.

Jana Kiraka aliharibu kila kitu. Nilimwingiza chumbani kama ulivyosema, na kabla sijamfunga kamba alimrukia Bibi. Alimshika mkono wa sweta kwa meno, akamvuta kutoka kitandani mpaka Bibi akaanguka chini. Hakumng'ata, naapa. Ni kucha zilizomkwaruza. Lakini alikuwa anamburuta kuelekea mlangoni, macho yamemtoka, na Bibi anapiga kelele, na Mjomba akaingia na henga ya chuma ya kutundikia nguo.

"Umemwona? Sasa umemwona?" Mjomba aliniambia. "Mnyama anamla mama yangu ndani ya nyumba yangu, na wewe umemfungia naye!"

Ni kweli nilimfungia naye.

Usimlaumu Mjomba, si mtu mbaya. Hakuna mtu anayemjali Bibi kama yeye. Akimaliza kazi haupotezi mkaa uliobaki kwenye pasi. Anausubiri uvae majivu, mpaka usiwe na moshi hata kidogo, ndipo anaumimina kwenye karai na kulisukuma chini ya kitanda cha Bibi, upande wa miguu. Ndiyo maana nilishangaa uliposema maji ya moto, lakini sikuona kama ina tofauti. Anasema makaa yenye majivu hayana neno, madobi wote wanajua, moshi ndio mbaya. Na miaka yote hayakuwa na neno.

Leo asubuhi Bibi aliuliza, "Mdai wangu yuko wapi?" Nikamwambia ametoka. Akasema, "Mwite. Yeye ndiye anayejua."

Hata sijui alitaka kusema nini. Siku hizi anasema mengi.

Chumba nimekiacha vile vile, nimekiziba vizuri, ili Bibi apate joto apone. Tafadhali usimpe sindano. Nitatafuta kazi, nilipie chakula chake, akae tu hapo bandani.

Msichana wa Getini


Jumamosi, 29 Juni

USISOME MBELE. Nenda chumbani kwa Bibi. Fungua mlango, fungua dirisha, ng'oa maboksi yote, toa karai nje. Mtoe Bibi kwenye hewa. Kisha urudi usome.

Dereva amekuja na barua hii leo ingawa si siku yake, na amekuja na Kiraka. Mbwa akikimbilia ndani msimzuie. Mjomba wako akinyanyua henga, mwambie anipige nayo mimi nitakapofika.

Nilipiga simu ya dukani, namba uliyoniachia siku ya kumchukua Kiraka. Inaita tu. Najua mmekwisha kufunga, na najua mkifunga kinachofuata ni nini.

Barua yako ilifika tangu juzi. Nilipomwona Kiraka anashuka kwenye gari nilikukasirikia, mwanangu. Nikasema huyu naye ni kama wale wengine, barua yake ya kujitetea itasubiri Jumamosi kama barua zote. Nikaiweka juu ya kabati. Leo nimeisoma kwa sauti, mbele ya mabanda, na nilipofika penye karai nikanyamaza. Mbwa wote walinyanyuka wakanitazama. Hawajawahi kufanya hivyo.

Fundi viatu hakuhama. Aliweka jiko la mkaa ndani ya kibanda chake siku ya mvua, akafunga ili apate joto. Kiraka alikuwa amefungiwa nje. Waliovunja mlango walikuta ubao umechimbwa kwa nje, na damu. Sakafu yetu haikula kucha zile. Nilikudanganya kwa sababu hakuna anayechukua mbwa aliyetoka kwenye msiba, wanasema ana nuksi. Na nilikuambia uzibe matundu.

Hakuwa anaogopa karai. Alikuwa anawaambia.

Kimbia.


Jumapili, 28 Julai

Mama Mbwa,

Shikamoo.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kila nikianza nakuwa na hasira, na sijazoea kuwa na hasira kwa mtu mzima. Ulikuja hospitali ukakaa kwenye benchi, mimi nikashindwa kukuambia hata neno moja. Ukadhani ni aibu zangu. Haikuwa aibu. Kwa hiyo naliandika hapa: ungeniambia alivyokufa fundi viatu, nisingepanda kwenye kile kiti. Na mimi ningekuambia Bibi anatapika, usingeniambia usibadilishe kitu. Nimelifikiria mara nyingi na kila mara linatoka hivyo hivyo. Tulikuwa tunamficha mbwa mmoja, kila mtu kwa upande wake.

Ile jioni nilisoma mstari wa kwanza tu. Nilikimbia mpaka mlangoni kwa Bibi, na pale, nakuambia ukweli, mkono ulirudi. Mlango umefungwa, Bibi amelala, nitamwamsha, atasema nini. Nilisimama. Kiraka alinipita katikati ya miguu akaurukia ubao kwa kucha zile zile, ndipo nikafungua.

Bibi alikuwa chini, karibu na gunia. Alikuwa amejaribu kufika mlangoni mwenyewe. Uso wake ulikuwa mwekundu kama wa mtu aliyetoka kucheza. Dereva alimbeba. Mjomba alibaki amesimama na karai mikononi, analitazama kama limeongea.

Bibi amerudi nyumbani. Daktari anasema hewa ya makaa ni sumu hata bila moshi, na kilichopotea huenda kikarudi, huenda kisirudi. Anamwita Mjomba baba. Mimi ananiita "wewe", wakati mwingine "wewe wa karatasi", kwa sababu ananiona naandika. Kiraka ndiye pekee ambaye hajamkosea jina. Anamwambia, "Mdai wangu, kaa hapa, leo sina kitu." Na yeye anakaa.

Matundu yako wazi, tena Mjomba ameongeza mengine kwa nyundo na sasa chumba kinapiga mluzi upepo ukivuma. Kila jioni Kiraka anazunguka nyumba nzima ananusa chini ya kila mlango. Akimaliza anapumua kwa nguvu, analala. Tunamsubiri amalize ndipo na sisi tulale. Mjomba amemshonea kipande cha kitambaa chenye jina, akakifunga kwenye kamba ya shingo, kama nguo ya mteja asiyetaka impotee.

Makaa hataki kuyaona. Yanayobaki kwenye pasi anampa jirani wa mlango wa pili, ambaye anapikia chai kwenye ngazi ya nyuma. Jirani alifurahi. Alisema, "Sasa mbwa na mimi tuko sawa." Nilitaka kumweleza habari za makaa, nikamwachia Mjomba. Leo mchana nilimwuliza Mjomba kama alimweleza, akasema, "Mimi nilidhani umemwambia wewe." Nikasema nitamwambia kesho. Yeye anapikia nje, nikajipa moyo.

Nakuomba jambo moja. Barua hii usiisome kwa mbwa peke yao. Ikunje uiweke getini, na kila anayekuja kuchukua mbwa isomee kwanza, yote, hata pale panapokuuma wewe na pale panaponiuma mimi. Waambie mbwa ametoka wapi. Atakayeogopa nuksi aende zake. Atakayebaki

Samahani, nimeinuka kidogo. Kiraka anakwaruza. Amemaliza mzunguko wake na hakulala. Nimemfungulia mlango wa Bibi, hakutaka. Nimemfungulia wa duka, hakutaka. Yuko kwenye ukuta, ule uliogusana na wa jirani. Anachimba plasta.

Inanyesha tangu alasiri. Hakuna anayeweza kupika kwenye ngazi ya nyuma leo. Mjomba alimpelekea makaa yake kama kawaida, nimemwona akivuka na ndoo kichwani kujikinga mvua. Na lile dirisha bado lina matambara.

Mjomba amekwenda kumnunulia Bibi dawa. Bibi amelala, niko peke yangu na mbwa.

Kalamu naiacha hapa. Naenda kugonga.